Jina la .eth halifunguki? Njia ya kufika kwenye tovuti za blokcheini kwa simu na bando la kawaida

Kijana mmoja anayesoma chuo hapa Mtwara alikuja kibandani kwangu Chikongola, ninapotengeneza simu na kuchapa barua za watu. "Kaka, hii simu ina virusi. Naandika jina la tovuti, yenyewe inanipeleka Google kutafutatafuta." Nikaiangalia. Jina lilikuwa la rafiki yake wa Newala anayepiga picha vinyago vya Kimakonde, na mwisho wake halikuwa na .com wala .co.tz. Liliishia na .eth.

Simu ilikuwa nzima. Ilichokosa ni mahali pa kuuliza. Nilimfungulia njia, tovuti ikagoma. Nikajaribu njia ya pili, ikagoma. Usiku ikafunguka yenyewe. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu, kwa sababu maelezo mengi huishia kwenye "ongeza neno fulani, bonyeza hapa", na ukikwama unabaki unalaumu simu, mtandao au TANESCO. (Siku ile, kumbe, TANESCO walihusika. Nitafika huko.)

Stakabadhi, barabara, ghala

Mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji mfano wa mbali kuelewa jambo hili. Unapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, zinapangwa daraja, zinaingia ghalani, nawe unapewa stakabadhi. Hiyo karatasi haitafuniki. Inasema tu kwamba kuna mzigo, wa daraja fulani, kwenye ghala fulani. Ikiungua karatasi, korosho bado zipo. Zikiliwa na panya, karatasi haikushibishi.

Jina la .eth ni stakabadhi. Limeandikwa kwenye blokcheini ya Ethereum, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, kupitia mfumo uitwao ENS ulioanza tarehe 4 Mei 2017, na ndani ya kumbukumbu zake mwenye jina huweka alama inayoelekeza tovuti ilipo. Tovuti yenyewe, yaani maandishi na picha, haimo kwenye blokcheini. Kuhifadhi picha moja tu humo kungemfilisi mtu. Mara nyingi mzigo uko IPFS, mtandao wa kompyuta zinazogawana mafaili, ulioletwa na Juan Benet na kampuni yake ya Protocol Labs mwaka 2015. Hilo ndilo ghala. Kati ya stakabadhi na ghala kuna barabara: kivinjari chako, au seva fulani ya kati inayokusomea.

Kwa hiyo tovuti ya namna hii ina sehemu tatu, na kila moja inaweza kuharibika peke yake. Ukilishika hilo, hatua zote zilizobaki ni za kujua tu ni ipi kati ya tatu iliyokatika.

Majina ya kawaida yanapita njia nyingine kabisa. Ukiandika jina la .tz, simu inauliza seva ya kampuni yako ya simu, nayo inapanda hadi kwenye mzizi wa majina yote unaosimamiwa na ICANN, wenye seva zinazoitwa kwa herufi 13, kutoka a hadi m. Mzizi unasema .tz iko kwa seva za msajili wa Tanzania, hizo zinajibu, kazi imekwisha. Ukiandika .eth, mzizi unajibu kwamba mkia huo haupo duniani. Na huenda usiwepo kwa muda mrefu: ETH ni kifupi cha kimataifa cha herufi tatu cha Ethiopia, na ICANN haigawi vifupi vya nchi vya namna hiyo kwa waombaji wengine. Chrome ikikuta mkia isioujua inadhani ulikuwa unatafuta neno, ndiyo maana unajikuta Google.

Anza kwa kusoma mkia

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tazama jina linaishia na nini. Njia inategemea mkia.

Likiishia .eth ni la ENS. Hili ndilo utakalokutana nalo mara nyingi, na ndilo rahisi kuliko yote.

Likiishia .crypto, .nft, .wallet, .x, .dao au .zil, mara nyingi ni la kampuni ya Unstoppable Domains, iliyoanza mwaka 2018. Tofauti kubwa kwa mnunuzi ni kwamba la ENS linalipiwa kila mwaka, la Unstoppable linanunuliwa mara moja.

Likiishia .bit ni la Namecoin, mzee wa majina haya yote, aliyezaliwa mwaka 2011 kutokana na programu ya Bitcoin. Leo sikushauri kuhangaika nalo. OpenNIC, waliokuwa wakilisaidia kusomeka, waliliacha mwaka 2019 kwa sababu wahalifu walikuwa wakilitumia kuficha seva za virusi.

Jina lenye mkia wa ajabu usiofanana na hayo, au neno moja tupu lisilo na nukta, huenda ni la Handshake, uliowashwa Februari 2020. Wenzake wanaongeza mkia mmoja mmoja pembeni ya mfumo wa ICANN. Handshake imekuja na mzizi wake yenyewe, ambamo mtu yeyote anaweza kushinda mkia mzima kwa mnada. Njia yake ni tofauti, nitaieleza peke yake.

Njia fupi: ongeza .limo

Kwa jina la .eth, nenda kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari chochote, hata kile kilichokuja na simu, uandike jina zima kisha uliunganishe na .limo. Mfano wa kujifunzia ni wa Vitalik Buterin, aliyeanzisha Ethereum, ambaye tovuti yake ya makala iko hivi:

https://vitalik.eth.limo

Andika na ile https:// mwanzoni. Ukiiacha, vivinjari vingine vitakurudisha kwenye kutafuta. Ikifunguka, umeshafika. Hukuhitaji kununua sarafu, kufungua waleti (pochi ya sarafu za kidijitali) wala kujisajili popote. Kusoma jina kwenye blokcheini ni bure. Anayelipa ni anayeandika au kubadilisha kumbukumbu. Liweke hilo kichwani, kwa maana matapeli wengi wanakula kwa watu wasiolijua.

Kinachotokea nyuma ni hiki: eth.limo ni jina la kawaida kabisa, la mfumo wa ICANN, na seva zake zinakusomea stakabadhi kule Ethereum, zinakwenda ghalani IPFS, zinakuletea ukurasa kama wa tovuti yoyote. Tunaiita lango. Bando linalotumika ni lilelile ambalo ungetumia kwenye tovuti ya kawaida yenye picha kama hizo.

Lakini ujue umekubali nini. Lango linaona kila unachofungua. Ile kufuli ndogo juu ya anwani inathibitisha kwamba unaongea na limo kwa usalama. Haithibitishi kwamba limo amekuletea mzigo uleule ulioandikwa kwenye stakabadhi. Na lango lenyewe linaweza kuanguka. Kabla ya limo watu wengi walitumia eth.link, na mwaka 2022 jina hilo la eth.link lilikaribia kupotea kwa sababu muda wake kwenye mfumo wa kawaida uliisha na aliyekuwa na mamlaka ya kulihuisha alikuwa gerezani Marekani. Majina yaliyosifiwa kwamba hayazimiki yalitaka kukosa mlango kwa sababu ya ada ya mwaka. Nilicheka, ingawa si jambo la kuchekesha.

Kwa hiyo kwa kusoma makala, limo inatosha. Kwa jambo linalogusa fedha au siri, usiishie hapo.

Kuisoma stakabadhi mwenyewe

Hatua hii wengi wanairuka, na mimi naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Fungua app.ens.domains, tovuti ya ENS yenyewe. Kwenye kisanduku cha kutafuta andika jina lako la .eth. Itakutaka uunganishe waleti? Achana nayo. Kuangalia hakuhitaji waleti. Likitokea jina, ingia kwenye sehemu iliyoandikwa "Records" na utafute mstari wa "content hash".

Mstari ukiwa haupo, safari imeishia hapo na wala si kosa lako. Watu wengi hununua jina la .eth ili litumike kama jina la waleti yao tu, mtu awatumie fedha bila kunakili namba ndefu. Hawana tovuti na hawajawahi kuwa nayo. Ni kama kumtafuta mtu dukani kwake ilhali yeye ana namba ya M-Pesa tu.

Mstari ukiwepo, utaona kitu kinachoanza na ipfs:// au ipns://, kisha herufi nyingi. Kinachoanza na ipfs:// ni alama ya mzigo wenyewe, ambayo hutengenezwa kwa kupiga hesabu juu ya yaliyomo. Badilisha nukta moja kwenye ukurasa na alama yote inageuka. Hapo ndipo mfumo huu unapoushinda wa kawaida: ukiwa na alama, na programu yako ikaihakiki, huwezi kuuziwa daraja la pili kwa stakabadhi ya daraja la kwanza. Kinachoanza na ipns:// ni kielekezi ambacho mwenye tovuti anaweza kukisogeza kila anapobadilisha ukurasa, bila kulipa tena Ethereum.

Nakili alama hiyo. Usiiandike kwa mkono. Alama za zamani huanza na Qm, zina herufi na tarakimu 46, na herufi kubwa na ndogo humo si kitu kimoja. Mteja wangu mmoja aliipokea kwa kusomewa kwenye simu, akaandika zote ndogo, akahangaika siku nzima. Alama mpya, zinazoanza na bafy, zote ni ndogo, kwa hiyo hazina tatizo hilo.

Sasa jaribu alama hiyo kwenye lango jingine lisilohusiana na limo. Kwa alama ya ipfs andika:

https://ipfs.io/ipfs/ kisha ubandike alama bila nafasi katikati.

Kwa ya ipns, neno la pili liwe ipns. Lango jingine ni dweb.link, linalopokea kwa mtindo uleule. Ukipata ukurasa huku ilhali limo imegoma, basi barabara ya limo ndiyo mbovu. Ukikosa kote, mashaka yanahamia ghalani.

Kivinjari kinachojua .eth

Wanaotumia kompyuta wanaweza kuondoa mtu wa kati kidogo. Kiendelezi cha MetaMask kwenye Chrome au Firefox, ambacho watu wanakijua kama waleti, kina uwezo wa kusoma jina la .eth unaloandika kwenye anwani na kukupeleka kwenye lango la IPFS unalolichagua wewe kwenye mipangilio yake. Nakwambia ukweli wangu: kama shida yako ni kusoma tovuti tu, usiweke waleti kwenye kompyuta kwa ajili hiyo. Ni sawa na kununua lori ili upeleke barua Mikindani. Ukiweka waleti unakuwa na maneno 12 ya siri ya kulinda, na kompyuta nyingi zinazoletwa kwangu hata nenosiri hazina.

Brave nayo inajua kusoma majina. Ukiandika brave://settings/web3 kwenye anwani utaona mahali pa kuruhusu majina ya ENS na ya Unstoppable, ukichagua iwe inauliza kwanza au iwe wazi daima. Angalizo ni kwamba mwongozo mwingi unaousoma mtandaoni kuhusu Brave umepitwa na wakati. Brave ilikuwa na IPFS ndani yake tangu Januari 2021, ikaitoa mwaka 2024. Siku hizi inayo macho ya kusoma stakabadhi lakini haina gari la kwenda ghalani, na yenyewe ilishauri watu watumie kiendelezi cha IPFS Companion. Usishangae ukifuata maelezo ya mwaka 2022 hatua kwa hatua na usifike.

Kwa majina ya Unstoppable mantiki ni ileile: tafuta kumbukumbu za jina, ona kama zina alama ya IPFS au anwani ya kawaida ya kuhamishiwa, kisha ufungue hiyo. Mengi niliyokutana nayo yalikuwa yanampeleka mtu kwenye tovuti ya .com tu.

Handshake na mpangilio wa DNS

Hapa mambo hubadilika, kwa sababu Handshake inataka simu yako iulize mzizi mwingine. Njia rahisi niliyoitumia ni NextDNS, huduma ya DNS, yaani seva inayoulizwa jina fulani liko wapi. Unafungua akaunti, matumizi hadi maulizo 300,000 kwa mwezi ni bure, na ndani ya mipangilio yake unawasha palipoandikwa "Web3". Wanakupa jina la seva lenye herufi zako mwanzoni, linaloishia na dns.nextdns.io.

Kwenye Android, kuanzia toleo la 9, ingia mipangilio ya mtandao utafute "Private DNS". Kwenye Samsung imejificha ndani ya "Connections", halafu "More connection settings". Chagua chaguo la kuandika jina la seva mwenyewe, bandika lile jina, hifadhi. Ukikosea herufi moja tu, simu nzima inakosa intaneti: WhatsApp kimya, kila kitu kimya, ilhali bando lipo. Usikimbilie kupiga huduma kwa wateja. Rudi palepale, chagua "Automatic", na mambo yanarudi. Simu tatu zimeletwa kwangu "zimekufa mtandao" na ugonjwa ulikuwa huo.

Ukishaweka, fungua jina la Handshake kwa kuanza na http:// na kumalizia na mkwaju (/), hasa kama ni neno moja lisilo na nukta. Bila mkwaju, kivinjari kinadhani unatafuta neno. Na utegemee onyo la "si salama". Mashirika yanayotoa vyeti vya kufuli hayatoi kwa mikia ambayo ICANN haiijui. Handshake ina njia yake ya vyeti iitwayo DANE, lakini Chrome na Firefox haziisomi zenyewe. Kwa sababu hiyo usiandike nenosiri lolote kwenye tovuti ya Handshake uliyoifungua kwa njia hii. Soma, tazama, ondoka.

Ukimaliza jaribio, amua kama kweli unataka NextDNS ione kila jina unalofungua kuanzia leo. Mimi niliirudisha "Automatic" kwenye simu yangu.

Kuwa na ghala lako

Kwenye kompyuta unaweza kufunga IPFS Desktop, programu ya bure, na kiendelezi cha IPFS Companion. Tangu hapo kompyuta yako inaleta mzigo moja kwa moja kutoka kwa wenye nao na kuuhakiki yenyewe dhidi ya alama. Hakuna lango la kukudanganya. Ukibandika alama, anwani inakuwa ya http://localhost:8080, yaani unaongea na kompyuta yako mwenyewe.

Raha ya njia hii ni kwamba ulichokileta unaweza kukibana kisifutwe, na kompyuta yako ikawa ghala kwa wengine. Watu walifanya hivyo mwaka 2017 Uturuki ilipofunga Wikipedia: nakala ya Wikipedia ya Kituruki iliwekwa IPFS, na mpaka leo nakala za namna hiyo zinapatikana kupitia wikipedia-on-ipfs.org.

Karaha yake ni bando. Programu haitulii. Hata usipofungua chochote inaongea na kompyuta nyingine, kuulizana nani ana nini. Mtu wa Dar mwenye faiba nyumbani haoni tofauti. Wewe unayegawa intaneti kutoka kwenye simu kwa bando la wiki utaiona kesho asubuhi. Kufunga dirisha hakutoshi, inabaki chini ikifanya kazi. Ibofye kwenye alama yake ndogo pembeni ya saa na uchague kuifunga kabisa. Nafasi pia: bila kubadilisha chochote imejipangia hadi GB 10 za diski, na kompyuta mpakato za mtumba zinazoletwa hapa nyingine hazina GB 10 zilizobaki.

Mitego

Tovuti yoyote inayokuambia "unganisha waleti ili uone ukurasa" wakati ulichotaka ni kusoma tu, ifunge. Inayokuomba maneno 12, ifunge na umuonye aliyekutumia. Maneno hayo hayaombwi na mtu mwema yeyote, kwa sababu yoyote.

Mtego wa pili unahitaji macho. Majina ya ENS yanakubali herufi za lugha nyingi na hata vikatuni (emoji). Herufi a ya Kirusi na a yetu zinaonekana sawa kabisa kwenye kioo cha simu, lakini zinaweza kuwa majina mawili ya watu wawili. Kwa hiyo jina lenye maana, lipokee kwa kiungo kutoka kwa mwenyewe, kisha ulihakiki kule app.ens.domains.

Wa tatu ni jina lililobadilisha mwenyewe. Jina la .eth lisipolipiwa linapewa siku 90 za kusubiriwa, halafu linaingia sokoni kwa bei inayoshuka kwa siku 21, kisha yeyote analichukua kwa bei ya kawaida. Jina lenye herufi tano na zaidi ni dola 5 kwa mwaka, ukiacha gharama za muamala, kwa hiyo kuokota jina la mtu si jambo gumu. Kiungo ulichohifadhi miaka miwili iliyopita huenda leo ni cha mwingine.

Na mikia hugongana. Unstoppable waliwahi kuuza .coin, wakaiacha mwaka 2022 baada ya kubainika kwamba mfumo mwingine wa Emercoin ulishakuwa na .coin yake. Hakuna baraza la juu la kuamua nani mwenye haki.

Sheria, fedha, na yale ambayo blokcheini haiwezi

Kufungua ukurasa kwa .limo si VPN. Ukitumia VPN, kumbuka TCRA walitoa tangazo Oktoba 2023 la kuwataka watumiaji waziandikishe. Kanuni za maudhui ya mtandaoni haziangalii mkia wa jina: kilichokatazwa kwenye .com kimekatazwa kwenye .eth. Ukitaka kununua jina utahitaji sarafu ya Ethereum, na Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 nayo iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Wewe unayesoma tu hayakugusi, lakini kijana wa Newala aliyenunua jina yanamhusu.

Wapo wanaouza habari kwamba tovuti hizi "hazizimiki". Mei 2024 sisi wa Kusini tulifundishwa vizuri. Kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya Dar upande wa Lindi, na tarehe 12 ya mwezi huohuo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika, nchi nzima ikawa inasubiri ukurasa ufunguke. Jina likiwa kwenye blokcheini, na wewe huna njia ya kwenda nje, unalo jina. Stakabadhi mfukoni, daraja limesombwa.

Ikigoma: mpangilio ninaoufuata

Siku ile na kijana wa chuo nilifanya hivi, na ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Nilifungua kwanza vitalik.eth.limo, jina ninalojua linafanya kazi. Likafunguka, basi simu na lango ni wazima. Nikaandika jina la rafiki yake na .limo, ikazunguka muda mrefu, kimya. Nikaenda kusoma stakabadhi: jina lipo, halijaisha muda, content hash ipo, inaanza na bafy. Nikaipeleka ipfs.io. Ikazunguka, ikatoa namba 504, ambayo maana yake ni kwamba lango limetafuta mwenye mzigo hadi likachoka.

Sehemu ya mwisho ya kuuliza ni check.ipfs.network. Unabandika alama, inakuambia kama kuna kompyuta yoyote duniani inayodai kuwa na mzigo huo na kama inafikika. Ilipata mmoja tu, asiyefikika.

Tukampigia rafiki yake. "Tovuti yako umeiweka wapi?"

"Kwenye laptopu yangu, kaka. IPFS, si ndiyo ilivyo?"

"Na laptopu iko wapi sasa hivi?"

"Iko ndani, imezima. Umeme umekatika tangu saa nne."

Ghala lilikuwa chumba kimoja Newala, na mlango wake ulifungwa kila umeme ulipokatika. Alikuwa amelipa dola zake kwa jina, akaamini blokcheini inatunza na picha. Umeme uliporudi usiku, saa tatu hivi, akawasha, nasi huku Mtwara tukaziona: shetani wa mpingo mwenye masikio matatu, na mti wa ujamaa ulioanza kupasuka chini. Keshoye nilizileta kwenye kompyuta ya kibandani nikazibana, kisha nikamwelekeza ajisajili kwa mtoa huduma wa kubana mafaili anayewasha seva zake usiku na mchana. Jina halikubadilika herufi hata moja, na hata kule Ethereum hakuna kilichoguswa.